Akili nyuma ya mlango: kichaa cha Tommaso Campanella

Asubuhi ya Pasaka, Aprili 2, 1600, godoro la majani makavu lilishika moto katika chumba kimoja cha gereza ndani ya Castel Nuovo, ngome ya Wahispania mjini Napoli. Aliyelitia moto ni mfungwa mwenyewe, mtawa wa Kidominiko wa miaka 31. Walipomfikia alikuwa akiropoka maneno yasiyo kichwa wala miguu, na tangu hapo akaropoka kwa mwaka mzima na zaidi, iwe mbele ya hakimu, iwe mbele ya mtesaji.

Mwezi mmoja na nusu kabla ya moto huo mdogo kulikuwa na moto mkubwa. Februari 17, katika uwanja wa Campo de' Fiori mjini Roma, mwanafalsafa Giordano Bruno, naye aliyewahi kuwa mtawa wa shirika hilo hilo, alichomwa akiwa hai kwa uzushi, ulimi umebanwa asiseme neno.

Kati ya hawa wawili, kipenzi cha watu ni Bruno. Ana sanamu pale pale alipochomewa, imesimama tangu 1889, kofia ya joho imeushukia uso. Ana na neno lake mbele ya mahakimu, kwamba huenda wao wanaitoa hukumu ile kwa hofu kubwa kuliko yeye anavyoipokea. Shahidi wa namna hiyo hana taabu. Maisha yake yamejifunga yenyewe, kilichobaki ni sisi kupeleka maua. Yule wa godoro, Tommaso Campanella, ni kesi nyingine. Aliukana uzushi alipotakiwa aukane. Alidanganya. Alijitia wazimu. Aliwasifu kwa kalamu wale wale waliomfunga. Akaishi mpaka miaka 70 na kufia katika nyumba ya watawa jijini Paris, akila posho ya mfalme.

Mimi leo namtaka huyu wa pili. Si kwamba aliteswa zaidi, ingawa ukiyapima mateso kwa miaka basi hakuna wa kushindana naye. Namtaka kwa sababu moja. Kilichomwokoa ni chumba kimoja cha siri ndani ya kichwa chake, chumba ambacho dola na Kanisa vilishindwa kuuvunja mlango wake. Na mtu huyo huyo, makovu hayajakauka, aliketi akabuni mji ambao hauna chumba cha siri hata kimoja.

Tuanzie mbali kidogo. Campanella alizaliwa Septemba 5, 1568, katika kijiji cha Stignano, karibu na Stilo, huko Calabria, kwenye kidole cha ule mguu wa Italia. Baba yake alikuwa fundi viatu asiyejua kusoma. Kwa mtoto wa fundi viatu mwenye kichwa chepesi utawa ndio uliokuwa shule, na akiwa na miaka 14 hivi aliingia, akaliacha jina la ubatizo, Giovan Domenico, akajiita Tommaso kwa heshima ya Tomaso wa Akwino. Alichokikuta mle ni Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Jambo lolote likiulizwa, jibu lilikuwa Aristotle kasema nini na wafafanuzi wake wamesema nini.

Wakati huo kule Cosenza aliishi mzee mmoja, Bernardino Telesio, aliyeandika kwamba maumbile yajulikane kwa kanuni zake yenyewe: kwa kutazama, kugusa, kuonja. Kijana alipokisoma kitabu cha Telesio hakurudi nyuma tena. Mwaka 1588 walimhamishia Cosenza, lakini wakubwa wake wakamzuia kwenda kumwona mzee. Akamwona mara moja tu, ndani ya kanisa kuu, maiti. Akaandika beti na kuzibandika pale alipolazwa marehemu.

Kitabu chake cha kwanza, cha kumtetea Telesio, kilichapwa Napoli mwaka 1591. Mwaka uliofuata shirika lake likamhukumu: arudi Calabria, amwache Telesio. Badala ya kushuka kusini akapanda kaskazini. Roma, Firenze, Bologna, ambako miswada yake iliibwa na baadaye ikaibukia mikononi mwa mahakama ya Kanisa ya kuwasaka wazushi, ile Inkwizisheni. Kisha Padova, ambako alijuana na mwalimu mmoja wa hesabu aitwaye Galileo Galilei. Mapema 1594 akakamatwa huko huko. Kati ya mashtaka lilikuwemo kwamba yeye ndiye mtunzi wa kile kitabu kilichosemwa kuwatukana Musa, Yesu na Muhammad kwa pamoja kuwa ni walaghai watatu. Alijibu kwamba kitabu hicho kilichapwa miaka 30 kabla yeye hajazaliwa.

Jibu zuri, halikumsaidia. Alipelekwa Roma, katika gereza alimokuwamo Bruno tangu 1593. Mwaka 1595 akapiga magoti na kuukana uzushi kwa kile sheria ilichokiita tuhuma nzito. Hapa msomaji aweke alama, maana kiapo hiki ndicho kilichokuja kumtia shingo kitanzini. Mtu aliyekwisha kukana kwa tuhuma nzito, akishikwa tena, hana msamaha wa pili. Kanisa humkabidhi kwa serikali, na serikali inajua la kufanya. Mwaka 1597 alitiwa ndani tena, eti kwa sababu mtu wa kwao, aliyekuwa akingoja kunyongwa Napoli, alimtaja. Wakamwachia mwisho wa mwaka kwa sharti la kurudi kwao. Mwaka 1598 akawa Stilo tena, miaka 29, jina tayari limechafuka.

Calabria ya siku zile ilikuwa chini ya Hispania. Hapa panatugusa kidogo sisi wa huku: mfalme Felipe II, aliyekuwa akiitawala Calabria kutoka Madrid, alikuwa pia mfalme wa Ureno, na ni katika utawala wake ndipo ujenzi wa Fort Jesus pale Mombasa ulipoanza mwaka 1593, kwa mchoro wa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Mkono uliokuwa ukikusanya kodi Stilo na mkono uliokuwa ukipanga mawe ya matumbawe Mvita ulikuwa wa bwana mmoja. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba habari hizi ni za Wazungu wenyewe kwa wenyewe, anakosea kidogo.

Campanella alitazama njaa, ushuru, ugomvi wa maaskofu na maofisa wa mfalme, majambazi waliojificha makanisani, kisha akatazama nyota. Alikuwa mnajimu wa kuamini kabisa. Kwa hesabu yake mwaka 1600 ungeleta mageuzi makubwa, kwa sababu umejengwa kwa 7 na 9, namba alizoziona nzito. Akahubiri hivyo. Watu wakamsikiliza, kwanza watawa, halafu mabwana wadogo wenye visasi vyao, halafu wakimbizi wa sheria. Mpango ukawa kuifanya Calabria jamhuri, kwa msaada wa merikebu za Waturuki zilizoongozwa na amiri Cicala, naye mtu wa upande ule ule aliyesilimu na kupanda cheo Istanbul. Agosti 10, 1599 wawili kati ya waliopashwa habari wakaenda kuwapasha wakubwa. Septemba 6 Campanella akakamatwa. Mwezi Novemba wafungwa zaidi ya 150 walipandishwa merikebu kwenda Napoli, na walipofika bandarini baadhi yao wakauawa hapo hapo, mbele ya mji, ili wengine waone.

Sasa turudi kwenye godoro. Kesi zilikuwa mbili, uhaini na uzushi. Kwenye uzushi alikuwa amekwisha kupotea, kwa kile kiapo cha 1595. Mlango uliobaki wazi ulikuwa mmoja tu. Sheria ya Kanisa haikuruhusu mwendawazimu auawe. Mwendawazimu hawezi kutubu, na anayemuua asiyeweza kutubu ndiye anayebeba dhambi ya kuipeleka roho hiyo motoni. Campanella aliijua sheria kuliko baadhi ya waliokuwa wakimhukumu. Akawasha majani.

Mahakimu nao hawakuwa watoto. Usiku wa Aprili waliwaweka makarani wajibanze ukumbini, kalamu mkononi, wakati Campanella akizungumza kupitia dirisha na mtawa mwenzake Pietro Ponzio. Makarani wakaandika kila neno. Alizungumza kama mtu mwenye akili zake timamu. Asubuhi akawa kichaa tena. (Kaka yake Pietro, Dionisio, mmoja wa viongozi wa njama, alikuja kutoroka gereza lile lile mwaka 1602, akafika Istanbul na kusilimu. Yeye peke yake anatosha makala nzima.) Walipomning'iniza kwa kamba, Campanella alipiga kelele juu ya farasi kumi weupe. Haikutosha. Mahakama ikaomba ruhusa ya Roma kutumia kipimo cha mwisho.

Kipimo hicho kwa Kiitaliano kiliitwa veglia, yaani mkesha. Kwetu mkesha ni wa harusi, wa maulidi, wa Krismasi. Huu ulikuwa hivi: mtu anafungwa mikono nyuma na kuning'inizwa kwa kamba juu ya kigoda cha mti chenye ncha kali. Akijikaza, mabega yanachanika. Akilegea, ncha zinamwingia makalioni. Halali. Campanella alipandishwa juu ya kigoda hicho Juni 4, 1601, akashushwa kesho yake, baada ya saa zinazokaribia 40. Karani aliketi pembeni akiandika alichokisema, na alichokisema kilikuwa upuuzi, nyimbo, laana, kimya. Damu ilimtoka nyingi, na baadaye aliandika kwamba nyama yake iliyoozea pale ilikuwa ya ratili. Hakusema neno hata moja la mtu mwenye akili.

Alipokuwa akirudishwa chumbani, mmoja wa walinzi waliomshika alimsikia akinong'ona. Maneno hayo nayo yakaandikwa kwenye jalada, kwa Kiitaliano cha mtaani, na Kiswahili chake cha kweli nadhani ni hiki: "Walinidhania mimi bwege, niseme?"

Nimeusoma mstari huo mara nyingi na bado unanichekesha na kunisisimua kwa pamoja. Kisheria ulikuwa ungamo kamili. Lakini mkesha ulikuwa umekwisha, aliyevumilia amevumilia, na sheria ilimhesabu mwendawazimu iwe mahakimu wanaamini au hawaamini. Hukumu ikawa kifungo cha maisha bila tumaini la kuachiwa. Abunuwasi wa hadithi zetu angempa mkono. Naye pia alijua kwamba mbele ya sultani mwenye upanga, mjinga ana nafasi ya kusema na kuishi ambayo mwenye hekima hana. Tofauti ni kwamba Abunuwasi hutoka na mfuko wa dinari, na Campanella alitoka hawezi kukaa.

Wako wanaomwona mwoga kwa sababu hakwenda motoni kama Bruno. Mimi sikubali. Kwenda motoni kunahitaji ushujaa wa asubuhi moja, baada ya miaka ya kungoja. Kuwa kichaa usiku na mchana kwa miezi 14, ukijua kwamba ukijisahau mara moja tu umekwisha, ni ushujaa ambao hauna sanamu kwa sababu hauna umbo. Yeye mwenyewe alijitetea kwa shairi. Aliwataja Bruto wa Roma na Solon wa Athene, waliojitia wazimu kabla yake, na akamtaja Daudi, yule wa Samweli wa Kwanza, aliyeingia kwa mfalme wa Gathi akakuna-kuna milango na kuachia mate yamtiririke ndevuni. Hakuna anayemwita Daudi mwoga kwa siku ile.

Kuna shairi jingine lake, na hili ndilo nililolijengea makala yangu. Linasimulia kisa cha nchi moja ambayo wanajimu wake waliona kwenye nyota kwamba wazimu utawashukia watu wote. Wenye hekima wakaondoka mapema wajinusuru, wapate kuja kuwatawala hao wendawazimu baadaye. Waliporudi na kuanza kutoa ushauri, wakapigwa mateke na kung'atwa. Aliyekalia kiti cha enzi alikuwa kichaa kuliko wote. Basi wenye hekima, ili waukwepe umauti, wakalazimika kuishi kama wanavyoishi wajinga: hadharani wanapiga makofi, na akili zao wanaishi nazo nyuma ya milango iliyofungwa.

Nyuma ya milango iliyofungwa. Yeyote aliyewahi kukaa mkutanoni akapiga makofi huku moyoni akisema mengine anaujua mlango huo.

Mwaka 1604 walimshusha katika shimo la ngome ya Sant'Elmo, juu ya kilima cha Napoli, akakaa humo miaka minne, minyororo miguuni, giza na unyevu. Aliita mahali pale Kaukazi, mlima aliofungwa Prometeo, yule wa hadithi za Kigiriki aliyewaibia miungu moto. Ajabu ni kwamba aliandika. Kwa miaka 27 aliyofungwa Napoli, kutoka ngome hadi ngome, aliandika falsafa, tiba, siasa, unajimu, teolojia na mashairi. Akinyang'anywa mswada aliuandika upya kutoka kichwani. Mwaka 1607 alimjia Mjerumani Kaspar Schoppe, ambaye ndiye aliyeshuhudia Bruno akichomwa na kuandika barua iliyotuhifadhia yale maneno ya hofu. Schoppe aliahidi kumfungua na kuchapisha vitabu vyake. Akaondoka na miswada, na ahadi ikabaki ahadi. Mwingine, Tobias Adami, aliyekuja 1613, alitimiza. Mashairi yakatoka Ujerumani mwaka 1622, mtunzi akiitwa Settimontano Squilla. Campanella maana yake ni kengele ndogo, na squilla ni kengele pia. Alipenda mchezo huo, na nembo yake ilikuwa kengele pamoja na neno la Isaya: sitanyamaza.

Mwaka huo huo ukatoka utetezi wake wa Galileo, aliouandika tangu 1616, Roma ilipokuwa ikimbana Galileo kwa kusema dunia inazunguka jua. Pima mwenyewe: mfungwa wa maisha, aliyehukumiwa kwa uzushi, anaandika kitabu kumtetea mtu aliye huru.

Mpaka hapo nampenda pasi na shaka. Shaka inaanza kwenye kitabu chake kilicho maarufu kuliko vyote, kile cha Mji wa Jua.

Alikiandika 1602, mwaka mmoja baada ya mkesha. Ni mazungumzo: nahodha kutoka Genova, aliyesafiri na Kolumbo, anamsimulia askari mtawa habari za mji aliouona katika kisiwa cha Taprobana, kwenye bahari hii yetu ya Hindi. Mji uko juu ya kilima, umezungukwa na kuta saba, na kutani elimu yote imechorwa: hesabu, mawe, mimea, samaki, wanyama, ufundi, watunga sheria. Watoto hujifunza wakicheza na kutembea. Mali ni ya wote. Mtu anafanya kazi saa nne tu kwa siku, kwa sababu wote wanafanya, na hakuna kazi ya aibu. Ndani ya mji mtumwa hayupo. Ukikumbuka kwamba mwandishi ni mtoto wa fundi viatu wa Calabria aliyeona watu wakifa kwa kazi na wengine kwa uvivu, unamwelewa, na unataka kuhamia.

Kisha unasoma tena, polepole. Kila miezi sita wakubwa wanapanga upya nani alale wapi. Nani azae na nani, na saa ngapi, linaamuliwa na tabibu na mnajimu kwa ajili ya kizazi bora. Mwanamke akijipaka rangi usoni au akivaa viatu virefu ili aonekane mrefu, adhabu yake ni kifo. Raia wanaungama dhambi kwa wakubwa wao, wakubwa hao wanaungama za kwao na za raia kwa walio juu yao, mpaka kwa mtawala mwenyewe, aitwaye Jua, ambaye kwa njia hiyo anajua dhambi zinazoutawala mji. Mlemavu mwenye kiungo kimoja tu kizima anatunzwa vizuri shambani, na kazi yake ni kuwa mpelelezi, aieleze jamhuri kila anachokisikia. Magereza hayapo, isipokuwa mnara mmoja wa kuwafungia waasi. Anayehukumiwa kufa huuawa na watu wote kwa mikono yao, baada ya kujadiliana naye mpaka akubali kwamba hukumu ni ya haki.

Mpaka akubali! Mtu aliyening'inizwa kwa saa karibu 40 ili akubali, na asikubali, anaandika hivyo mwaka mmoja baadaye. Wale makarani waliojibanza ukumbini usiku wamo mjini mle, wamepewa tu kazi ya heshima. Ungamo la siri, ambalo hata Inkwizisheni haikuruhusiwa kulichota kwenye kiti cha padri, limegeuzwa bomba la kupandisha habari juu. Na kwa mwenye akili anayetaka kuishi nayo nyuma ya mlango, mlango haupo.

Wapo wanaosema ile ni kejeli, au ni hila ya mfungwa ya kujipendekeza kwa wasomaji wa Kanisa. Ningependa iwe hivyo, lakini siamini. Campanella alikuwa na fikra moja aliyoishikilia maisha yote: kundi moja, mchungaji mmoja. Alichokibadilisha ni mchungaji tu. Alipopanga njama alimtaka awe yeye na jamhuri yake. Akiwa gerezani aliandika kitabu kumwambia mfalme wa Hispania namna ya kuitawala dunia yote. Alipofika Paris aliandika kwamba zamu ya Hispania imekwisha na sasa ni ya Ufaransa. Juu ya wote wakati wote alimtaka Papa. Watu wanaiita hiyo kigeugeu. Mimi naiona ni ukaidi. Aliamini kwamba dhulma, njaa na vita vinatokana na watu kugawanyika, na kwamba dawa ni wote kuwa wamoja, mpaka ndani. Waliomtesa waliamini karibu hivyo hivyo. Ugomvi wao naye ulikuwa juu ya nani ashike fimbo. "Nilizaliwa kuvishinda viovu vitatu vikuu," aliandika katika shairi, "udhalimu, hoja za hila na unafiki." Chumba cha siri pengine alikihesabu kwenye unafiki. Alikitumia kwa kuwa nchi ilikuwa ya wendawazimu. Katika nchi ya wenye akili hakuona nani angekihitaji.

Mwaka 1918 serikali ya Lenin iliuchukua mnara wa mawe karibu na Kremlin, uliojengwa kwa heshima ya wafalme wa Romanov, ikayafuta majina ya wafalme na kuchonga ya wanafikra wa ujamaa. La Campanella likawamo. Wenyewe walivutiwa na zile kuta zenye picha za kuelimisha umma. Na yale ya wapelelezi na maungamo yamo kurasa chache tu mbele, katika kitabu hicho hicho chembamba.

Mei 1626 aliachiwa Napoli. Haukupita muda mrefu akachukuliwa Roma, mikononi mwa Inkwizisheni tena. Kilichomtoa humo si falsafa, ni falaki. Papa Urbano VIII alikuwa mtu wa kuamini nyota, na wanajimu, baadhi wakisukumwa na Wahispania, walikuwa wametangaza kwamba kupatwa kwa jua na mwezi kutamwua. Roma nzima ilikuwa ikizungumzia nani atamrithi. Papa akamwita mfungwa.

Mwaka 1628 wakajifungia wawili hao chumbani. Walikiziba kila tundu hewa ya nje isiingie, wakatundika vitambaa vyeupe ukutani, wakanyunyiza marashi na kufukiza majani yenye harufu nzuri. Wakawasha taa mbili ziwe jua na mwezi, na mienge mitano iwe sayari tano, wakajitengenezea mbingu yao wenyewe ambamo hakuna kilichopatwa. Muziki ulikuwa wa Mshtarii na Zuhura, sayari za heri, na kulikuwa na mawe na vinywaji vya sayari hizo. Msomaji wa pwani haambiwi zaidi; chetezo anakijua. Jua likapatwa, Papa asife. Mwaka uliofuata Campanella akawa mtu huru kweli, kwa mara ya kwanza kwa karibu miaka 30.

Uhuru wa Roma haukudumu. Maadui zake walikichapisha kijitabu chake cha namna ya kuepa ajali ya nyota, kikaeleza ibada ile yote, Papa akaaibika, na mwaka 1631 akatoa amri kali dhidi ya unajimu wa kutabiri vifo vya mapapa. Mwaka 1634 mwanafunzi wake mmoja alinyongwa Napoli kwa njama mpya dhidi ya Hispania, na Wahispania wakamtaka mwalimu. Usiku wa Oktoba 21 mzee wa miaka 66 alitoroka Roma ndani ya gari la farasi la balozi wa Ufaransa, amevaa kanzu ya shirika jingine na kujiita jina lisilo lake. Kujificha alikuwa hajakusahau.

Paris ilimpokea. Mfalme Louis XIII alimkaribisha ikulu, Kardinali Richelieu akampangia posho, ambayo mara inakuja mara haiji. Wenye falsafa mpya walimwona mtu wa jana. Descartes aliandika kwamba alikuwa amekisoma kitabu chake kimoja zamani na hakumbuki chochote cha maana ndani yake. Septemba 5, 1638, siku Campanella anatimiza miaka 70, malkia alijifungua mtoto wa kiume aliyengojwa miaka 23. Mzee aliitwa amtazamie nyota. Akatunga na shairi la kumtabiria kitoto hicho utawala wa dunia, na jua likamulikamulika humo. Kitoto ndicho aliyekuja kuwa Louis XIV, aliyeitwa Mfalme Jua, na ambaye mwaka 1685 aliwafutia Waprotestanti wa Ufaransa haki ya kuabudu.

Campanella aliishi katika nyumba ya Wadominiko ya mtaa wa Saint-Honoré, ile ambayo karne na nusu baadaye wanamapinduzi wa Kifaransa walikodi ukumbi wake na kupata kwayo jina lao la Wajakobini. Mwanzoni mwa 1639 aliugua, na kwa hesabu zake mwenyewe hatari ilikuwa Juni 1, siku ya kupatwa kwa jua. Akafanya ile aliyoijua. Alijifungia chumbani, akaziba tundu, akatundika vitambaa vyeupe, akawasha taa zake mbili na mienge mitano. Alikufa Mei 21, alfajiri. Siku 11 baadaye jua likapatwa, na chumbani hakuna mtu.